Nilivyoipeleka Mashine Sauna

Jumatano, 16 Januari

Theluji inafika kiunoni. Kiuno changu, si cha jirani Wilho, yule mfupi. Cha Wilho kilizama zamani.

Jirani yangu Lempi anarudi Jumamosi kutoka hospitali, ana nyonga mpya ya chuma. Dada yake kanipigia simu: daktari kasema Lempi asianguke kabisa, akianguka wanaanza upya. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwake ni hatua arobaini. Nikasema niachieni mimi! Nimepika kwenye meli za ziwa hili la mpakani na Kanada miaka kumi na tisa, nimefika Cleveland, hatua arobaini ndiyo nini?

Nikaitoa mashine yangu ya kurusha theluji. Injini ikaitika vizuri. Visu, kimya. Theluji ya Jumapili imegandia mdomoni, imelishika pangaboi la ndani kama saruji. Mkanda ukaanza kunuka. Nikazima.

Wilho, ng'ambo ya barabara, akaniuliza kwa sauti ya kusikika hadi Kanada kama nimeizima tena na theluji mdomoni. "Dakika tano tu, Onni! Iache izunguke iteme!" Nikamjibu mashine yangu inatema ikipenda. Akasema basi njia ya Lempi ataisafisha yeye. Nikakataa katakata. Anautamani mkate wa iliki wa Lempi tangu mama wa watu afiwe na mume. Mimi pia, ila mimi nilianza.

Mama aliniita Onni, yaani bahati. Wilho anasema alikuwa akimwita mtoto mwingine.

Alhamisi, 17 Januari

Maji ya moto! Birika tatu. Barafu ikalia, ikalegea, nikapiga mluzi. Nikaingia ndani kutafuta glavu. Kurudi, maji yote yamekuwa barafu, na sasa hata magurudumu yameshikana na sakafu.

Nikataka kuingiza mkono nikwangue. Wilho akatokea mbio, akachomoa waya wa plagi ya injini, akanipa fimbo. Akaniuliza nitakoroga kahawa kwa kitu gani nikikosa vidole. Yeye hupulizia mafuta ya kupikia mdomoni mwa mashine kabla ya theluji, isinate. Nikamwambia mimi sikaangi viazi.

Simpendi sana. Ila alikuja bila kofia.

Ijumaa, 18 Januari

Akili imefunguka. Sauna! Kile chumba changu cha joto uani.

Jirani wakiona moshi wa sauna Ijumaa badala ya Jumamosi watadhani nimeoa. Wadhani. Nikaitoa petroli kwanza (mimi si mjinga), nikaibandua mashine sakafuni, nikaipandisha kwa mbao hadi ndani, nikaketi nayo, taulo kiunoni. Joto safi, kavu. Lakini mtu anakaaje sauna bila kumwagia mawe ya moto maji? Ni kukosa adabu. Nikamwaga kata moja. Nyingine ya mashine. Tukafika saba.

Mchana visu vinazunguka kwa kidole! Nikaitoa inafuka mvuke, nikajaza petroli, nikaingia njia ya Lempi kama bwana harusi. Nje nyuzi ishirini chini ya sifuri. Hatua sita. Krrk! Mvuke wote ulioingia ndani umeganda: visu, nyaya, magurudumu. Haiendi mbele, hairudi nyuma. Imekaa katikati ya njia.

Njia sasa imezibwa na theluji pamoja na mimi.

Jumamosi, 19 Januari

Usiku imeanguka nyingine. Asubuhi nikaenda kwa Wilho, kofia mkononi. Alikuwa keshavaa buti.

Mashine yake haipiti penye yangu. Tukashika mabeleshi. Akasema nachimba kama mpishi. Nikamwambia anapumua kama sufuria ya viazi. Beleshi la mwisho, gari likakata kona.

Lempi akashuka na kigari chake cha kuegemea. Mdogo kuliko alivyoondoka. Hatua kwa hatua. Alipofika kwenye mashine yangu pumzi ikamwishia. Akaacha kigari, akashika mpini wa mashine kwa mikono miwili. Haikusogea hata unywele.

Akapumzika pale kitambo. Kisha akasema, "Onni wewe, umeniwekea pa kushika."

Wilho akageuka, akaanza kukwangua beleshi lake.

Nikasema ndiyo, nilipanga.

Jumapili, 20 Januari

Jana Wilho aliikokota mashine yangu hadi kwenye banda lake lenye joto, akaikausha kwa kitambaa, akaipulizia mafuta. Asubuhi inazunguka kama mpya! Nikasafisha njia yote ya Lempi, theluji ikaruka juu ya paa. Nikamwambia Wilho nilijua tu sauna itasaidia.

Wilho akapita akielekea mlangoni kwa Lempi, nywele kazichana. Akanikumbusha dakika tano. Iteme!

Lakini dirishani Lempi ameketi anapanga vikombe vitatu. Dada yake kaoka, iliki inanukia hadi barabarani. Na Wilho anatangulia!

Nikazima pale pale, mdomo wa mashine umejaa theluji. Kitatokea nini? Ikiganda, dawa naijua. Kosa la Ijumaa lilikuwa dogo tu: kata saba hazikutosha.