Marufuku Maji Kugeuka Zambarau

Wakazi wote wa mtaa wa Lucky Summer wanajulishwa kwamba, kuanzia Jumatatu, maji hayataruhusiwa kugeuka zambarau bila kibali cha maandishi. Tangazo hilo nililitia sahihi mwenyewe, nikiwa Katibu wa Kamati ya Rangi na Utulivu, na bado naona lilikuwa la busara.

Chanzo cha fujo ni Aluoch, mkemia anayeishi mtaani humo. Kwa miaka mitatu alikuwa akiunda kemikali inayogeuka zambarau ikikutana na madini ya risasi ndani ya maji. Hakuna aliyemtuma. Matone ya kwanza aliyatia kwenye mtungi wa jirani yake Jecinta, muuza mboga. Binti wa Jecinta, Whitney, ana miaka saba. Tumbo lilikuwa likimsokota, na herufi alizozijua mwaka jana zilikuwa zikimpotea. Mtungi ukawa zambarau. Kufikia Ijumaa kila dirisha lilikuwa na chupa ya rangi hiyo.

Mambo kama hayo huchafua sifa ya mabomba mapya ya maji ambayo mradi wetu ulikuwa umeyafunga mtaani. Tukamwita Aluoch kikaoni. Jecinta akaja bila mwaliko, Whitney mgongoni, na nusu ya mtaa nyuma yao.

"Kemikali yako haina nidhamu," akasema Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kweyu. "Huwezi kuiunda upya igeuke kijani? Kijani kinatuliza watu."

"Naweza," Aluoch akajibu. "Lakini sumu itabaki."

"Hilo ni la kamati nyingine."

Jecinta akauliza polepole, "Na nyinyi, Mheshimiwa, hii maji mnakunywa?"

Mwenyekiti akatabasamu. Akaeleza kwamba mabomba yaliyobaki kwenye mradi aliyafunga kwake Njiru, ili mali ya umma isipotee bure. Mjukuu wake wa mwaka mmoja hupikiwa uji kwa maji hayo hayo. Akaweka mezani chupa aliyoijaza nyumbani asubuhi. "Jaribu."

Aluoch akadondosha matone matatu. Maji yakawa zambarau, iliyokoza kuliko zote nilizowahi kupiga marufuku.

Nikamkumbusha Mwenyekiti kwamba chupa ile haikuwa na kibali. Hakunisikia. Alikuwa kwenye simu na watu wa nyumbani kwake. "Usimpe mtoto uji. Mwaga. Mwaga yote."

Nje, wauguzi walioitwa na Aluoch walikuwa wakipima damu za watoto. Baada ya saa moja gari la serikali likamleta mjukuu. Mwenyekiti akambeba moja kwa moja hadi kwenye meza ya wauguzi.

"Mzee, foleni inaanzia kule kwa choo," Jecinta akamwambia, bila ubaya. "Hawa wote ni watoto."

Mwenyekiti akanigeukia nimtafutie kifungu cha kumruhusu apite mbele. Nilipekua kanuni zetu zote, ukurasa kwa ukurasa, huku mtoto akilia na mtaa mzima ukitutazama. Kifungu hakikuwepo. Hatukuwahi kukiandika, kwa sababu hatukuwahi kupanga foleni.

Akaenda nyuma. Alikuwa wa mia moja na kumi na mbili.