Kamati ya Unafuu wa Bunduki, Gornji Jarak

Kwa mamlaka kiliyojipa chenyewe, Chama cha Wawindaji wa Ndege cha kijiji cha Gornji Jarak kiliutangazia umma kwamba tatizo la bunduki nafuu sasa lilikuwa limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Lilikuwa limeundiwa kamati.

Tangazo lilibandikwa mlangoni pa duka la mikate. Shangazi Radojka Mićin alilisoma mara mbili, mkate ukimpolea kwapani, kisha akaguna. Alikuwa amefanya kazi posta miaka thelathini na lugha ya serikali aliijua kama anavyojua kukanda unga. Jambo likishaundiwa kamati, alijua, limeshachimbiwa kaburi, limebaki kuwekewa viti.

Na jambo lenyewe lilikuwa lake. Bunduki yake ya mitutu miwili, urithi wa marehemu mumewe, ilimpiga bega kila alipofyatua, hadi daktari akamkataza kuishika. Mjini alikuwa ameona bunduki ya marisau ya Kituruki, nyepesi, inayojipakia yenyewe. Mwenye duka alimwambia nusu ya teke lake humezwa na mtambo wake, bega likapata salamu tu. Bei yake pensheni iliifikia bila kuuza nguruwe. Kilichokosekana ni barua ya chama ya kupeleka polisi, yenye sahihi ya mwenyekiti, nayo sasa ilingoja kamati.

Tena hakuwa na muda wa kuchezewa. Sheria ya chama ilisema asiyefyatua hata risasi moja siku ya ufunguzi wa msimu wa kware, miaka miwili mfululizo, anafutwa. Mwaka uliopita bega lilimlaza nyumbani. Akikosa na Agosti hii, miaka arobaini ya uanachama kwisha habari yake, na mbwa wake Lisa atabaki kuwinda kuku wa jirani.

Kamati iliongozwa na mwenyekiti wa chama, Bwana Ljubomir Kostreš, mtu wa tumbo la heshima na bunduki ya Kiitaliano iliyonakshiwa ndege wa dhahabu. Vikao sita vya kwanza vilitumika kufafanua neno "nafuu". Ilikuwa kazi nzito, zikaliwa sufuria sita za supu ya samaki. Hatimaye ufafanuzi ukapita bila kupingwa: bunduki nafuu ni ile isiyo ghali, lakini isiyokuwa rahisi kiasi cha kununuliwa na mtu yeyote.

Kikafuata kipindi cha uchunguzi. Bunduki ya Kituruki, iliyoazimwa dukani, ilipimwa kwenye mizani ya bucha. Ilinuswa. Iliwekwa mezani kando ya ile ya Kiitaliano, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba ilionekana kukosa aibu. Haikufyatuliwa, kwa kuwa risasi zilikuwa chini ya kamati ndogo, na kamati ndogo ilikuwa bado haijapata wajumbe wembamba wa kuenea chumba chake kidogo.

Radojka alivumilia hadi Julai. Kisha akaingia kikaoni bila kualikwa.

"Ljubo mwanangu, mmeifyatua?"

"Shangazi, tuko katika hatua ya mtazamo."

"Basi nipeni mimi niifyatue, niwaambie."

Mwenyekiti akatabasamu kama mtu anayemhurumia mtoto. Papo hapo akamwamuru katibu, Nedeljko, aandike kanuni mpya, Kifungu cha Nne: kuanzia sasa na kwa miaka yote iliyopita, hakuna sahihi, ushahidi wala maoni yoyote kuhusu bunduki yatakayotambuliwa, isipokuwa yametoka kwa mwindaji aliyebatizwa. Nedeljko akaandika. Nedeljko huandika kila kitu, hata chafya.

Kwetu mwindaji habatizwi kwa maji. Siku anapoangusha ndege wake wa kwanza hulazwa kifudifudi juu ya robota la majani makavu, akachapwa viboko vitatu mbele ya wenzake: cha kwanza kwa ajili ya ndege, cha pili kwa ajili ya wenzake, cha tatu ili asisahau viwili vya kwanza. Mwenyekiti alidhani mwanamke, enzi zile, hakuna aliyethubutu kumlaza. Radojka akafungua mkoba na kutoa cheti chake, kina muhuri na doa la mvinyo. Alikuwa amechapwa na daktari wa mifugo, na hakuonewa huruma.

Kamati ikakipokea cheti, ikakipeleka kwa uchunguzi wa doa.

Siku ya ufunguzi ikafika, barua haipo. Radojka akaenda hivyo hivyo, mikono mitupu, Lisa akimtangulia. Wanachama thelathini na wawili walikuwa wamejipanga kwenye mabua ya ngano. Mkaguzi wa serikali alikuwa kando ya gari lake na glasi ya rakija, pombe kali ya matunda. Mwenyekiti akatangaza kwamba, kwa uzito wa suala lenyewe, jaribio la mwisho angelifanya yeye binafsi. Kila mtu alielewa mpango: atafyatua mara moja, atakosa, atashika bega na kukunja uso, na Mturuki atarudishwa dukani.

Lisa akamwibua kware. Mwenyekiti akafumba macho yote mawili, akafyatua.

Kware akaanguka.

Mwenyekiti akafumbua macho, akamwona ndege, akairusha kofia juu.

"Nimempata! Wa kwanza! Miaka kumi na minne, jamani, wa kwanza!"

Mdomo uliponza kichwa. Watu wakaanza kuwafikiria wale kware sita wa kila mwaka aliokuwa akiwapanga juu ya boneti, wanono ajabu, wenye ubaridi wa friji katikati ya Agosti. Nedeljko, ambaye hakuwa na ubaya na mtu, akafungua jalada na kukisoma Kifungu cha Nne kwa sauti, mpaka pale pa "miaka yote iliyopita". Kisha akapiga hesabu ya kiutawala. Mwenyekiti, aliyedai siku zote kwamba alibatizwa wilaya nyingine, hakuwa amebatizwa. Kwa hiyo sahihi zake zote hazikuwapo. Kwa hiyo barua za bunduki za wanachama wote hazikuwapo, ya Kiitaliano ikiwemo, na hapo uwanjani palikuwa na watu thelathini na wawili wenye silaha kinyume cha sheria.

Mkaguzi akaweka glasi chini taratibu.

Mwenyekiti alilitazama robota la majani, akamtazama mkaguzi, kisha akamtafuta mwindaji mzee kuliko wote aliyebatizwa, kwa maana kwa desturi yeye ndiye huchapa. Akampata anamkuna mbwa masikio.

"Shangazi Radojka," akasema kwa sauti ndogo, "nichape."

"Sasa hivi? Si tuunde kamati kwanza?"

"Shangazi, nakuomba. Nichape kabla mkaguzi hajatoa kalamu garini."

Akalala mwenyewe. Radojka akachagua fimbo ya mti wa mhazeli, akaikataa, akachagua nyingine. Akatumia mkono wa bega zima. Kware alipata heshima yake, wenzake wakapata yao, na cha tatu kilisikika hadi kanisani.

Sahihi ya kwanza halali ya Bwana Ljubomir Kostreš katika utumishi wake wote iliwekwa juu ya boneti, kwenye barua ya Radojka Mićin. Radojka akaichukua bunduki ya Kituruki, akamngoja kware mwingine, akafyatua, akamkosa vibaya. Bega halikulalamika. Nedeljko akaandika: amefyatua.

Zile barua nyingine zilimalizwa kutiwa sahihi jioni, mkaguzi akisimamia. Tangu hapo chama kimesifiwa wilaya nzima kwa uamuzi wa haraka. Wiki tatu mfululizo hakuna kikao kilichozidi dakika tano, kwani kwa desturi wajumbe hawakai kabla mwenyekiti hajakaa, na mwenyekiti hakuweza.