Kadi ya Siku Saba

Jumatatu, 4 Mei
Nesi wa ushauri amenipa kadi. Mistari saba, siku saba. Sikatazwi pombe. Mwisho bilauri mbili kwa siku, ninywe taratibu, maji katikati, na kila bilauri niiandike kabla haijafika mdomoni. Mke wangu yuko kwa kaka yake, wiki ya tatu sasa. Ametuma neno: nikipeleka kadi safi Jumapili, atarudi. Mimi fundi saa. Mambo madogo madogo ndiyo kazi yangu. Bilauri mbili zitanishindaje?

Jumanne, 5 Mei
Nesi hakutaja ukubwa wa bilauri. Nimetumia jagi. Majagi mawili. Nimeandika "2". Nimeamka na viatu miguuni.

Jumatano, 6 Mei
Shemeji kinyozi, huyo huyo kaka mtu, naye ana kadi. Kapita karakana kunionyesha. Moja, sifuri, moja. Sifuri! Kujidai tu. Springi ya saa ya mteja ikaniruka mkononi. Nimeitafuta kwa magoti mpaka jioni. Haipo.

Alhamisi, 7 Mei
Jana sikuandika kitu kwenye kadi. Sikumbuki bilauri zilikuwa ngapi. Nimeona haya. Ili nisisahau tena, nimejaza kadi yote hadi mwisho. Sifuri nyingi. Jumapili nimejiwekea moja, nisionekane mwongo.

Ijumaa, 8 Mei
Mke wangu kaja karakana bila taarifa. Gauni la bluu. Kaomba kadi, nikampa kifua mbele. Kaisoma polepole.

"Baba watoto, leo siku gani?"

Nikasema Ijumaa.

"Na Jumapili umeshakunywa moja?"

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Akaniambia mizigo yake alishaifunga, iko mlangoni kwa kaka yake. Alishindwa kungoja Jumapili. "Ungeandika hata kumi, za kweli, ningerudi." Akaiweka kadi juu ya meza, kati ya saa za watu, akaondoka. Nilisimama mlangoni mpaka gauni likapinda kona.

Jumapili, 10 Mei
Nimepika chakula cha wawili kwa mazoea. Kimepoa. Siku mbili najiuliza nilikosea wapi, na leo nimepata. Wino! Mistari yote wino mmoja. Kesho naomba kadi mpya, nanunua kalamu tatu za rangi mbalimbali. Na safari hii nitajaza siku moja tu mbele.