Maji ya Kafuri Barazani kwa Mzee Mwinyimadi

Jumatatu, 4 Agosti 1952. Kisarawe.

Nilikwenda Dar es Salaam kununua nyembe. Nimerudi na nyembe na wazo. Wazo ndilo zito.

Nilisimama dirishani kwa kinyozi mmoja wa Kihindi mpaka akanifukuza. Ndani kalazwa Mzungu chali, kichwa kwenye beseni, macho kafumba, anaoshwa nywele na mwanamume mwenzake huku akikoroma. Na analipia! Kwetu mtu akishanyolewa anapigwa kitambaa shingoni, basi, aende zake akajikune mgongo mpaka magharibi. Ushamba mtupu.

Wazo limekuja wakati wake. Mzee Mwinyimadi, ambaye nanyolea barazani kwake tangu sijaota ndevu, kasema kabla ya Idi ya kuchinja ataamua baraza amwachie nani: mimi Kitwana, au Damiani. Damiani kahamia juzi kutoka Kibaha, alikokuwa akinyoa madereva wa malori. Ana mashine ya mkono. Ana kioo, kakitundika kwenye mkorosho ng'ambo ya barabara. Na kila asubuhi anavuka kuja kumwamkia Mzee kwa unyenyekevu unaonitia kichefuchefu. Nikilikosa baraza nitanyolea wapi? Juani, pamoja na wauza mihogo.

Jumatano, 6 Agosti

Maandalizi. Nimepata benchi refu, mtu analala akanyooka. Beseni la Siwema, mke wangu. Kata ya kuchotea maji. Sabuni nimeikataa, inawasha macho. Badala yake majani ya mkunazi: ukiyaponda yanatoa povu zuri, na mti uko nyuma ya nyumba.

Ilibaki harufu. Kwa yule Mhindi palinukia. Dukani marashi hayashikiki kwa bei, lakini kafuri ipo tele. Nikainusa. Nikaipenda papo hapo. Harufu hii naijua, ila sikumbuki niliinusa wapi. Nakumbuka tu kwamba palikuwa na watu wengi, wote watulivu, wote wenye adabu. Ndio wateja ninaowataka.

Siwema kaangalia majani, kaangalia kafuri, kaangalia benchi. Akafungua mdomo. Nikamwambia mambo ya kinyozi amwachie kinyozi. Akaufunga. Baadaye nikamsikia jikoni anacheka peke yake. Wanawake wana furaha zao.

Ijumaa, 8 Agosti

Nitaandika yote, hata ya aibu.

Mzee Mwinyimadi alitoka msikitini, akasema hiyo huduma mpya ataijaribu yeye kwanza, ajue anaamua nini. Nikamlaza chali. Nikamwomba afumbe macho, mikono ainyooshe ubavuni, asiseme neno. Mimi nimevaa kanzu yangu safi, Ijumaa hii. Nikaanza kumwagia taratibu kwa kata, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Povu la mkunazi likapanda. Mzee akalegea. Ng'ambo, Damiani kasimama na mashine yake hewani, kasahau kichwa cha mtu. Nikasema moyoni, leo umepatikana.

Ndipo nikatia kafuri.

Pua ya Mzee ikacheza. Akauliza, macho bado kafumba, ni nani kafariki. Nikamwambia atulie, bado kidogo tu. Akafumbua jicho moja, akaniona nimemwinamia na kanzu na kata. Akauliza kwa sauti ndogo kama ni yeye.

Mzee wa umri ule, sikujua kama anaweza kuruka benchi. Kaingia ndani na povu kichwani akitoa shahada. Bi Sikudhani, mkewe, alipomwona akapiga yowe. Yowe moja tu, lakini mji wetu unajua kazi yake. Kabla maji hayajakauka barazani walikwisha fika wanawake wenye kanga kichwani, na bwana mmoja na jamvi begani akiuliza alitandike wapi.

Sasa nimekumbuka ile harufu niliinusa wapi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mzee anaumwa. Homa, anatetemeka, uji hataki. Anawaambia wote wanaoingia kwamba yeye keshaoshwa, limebaki kaburi.

Nilikwenda kumjulia hali. Bi Sikudhani akanizuia mlangoni. Akasema kama nimekuja kummalizia, nirudi.

Mzee akifa nimekwisha. Si baraza tu. Nani atampa kichwa chake mtu aliyemwosha maiti kabla hajafa? Itabidi nihamie Dutumi kwa mjomba nikalime. Mimi na jembe hatujawahi kuelewana.

Jumatatu, 11 Agosti

Barazani hajaja mtu. Wanaopita wanavukia upande wa pili, kofia wamezishika kwa mikono miwili. Wote kwa Damiani.

Nimetumia akili. Nimemnong'oneza muuza kahawa kwamba mashine ya Damiani inaambukiza mapunye. Kufika adhuhuri habari imeshaenea. Kufika alasiri Damiani kaweka sufuria mkoroshoni, anaichemsha ile mashine mbele ya kila mteja. Sasa wanakuja hata wasionyolewa, kutazama inavyochemka. Wanasema huyu kijana wa Kibaha ni msafi mno.

Nimemwombea Mzee Mwinyimadi sala zote tano. Ya alfajiri nimeongezea.

Jumatano, 13 Agosti

Ndugu zake Mzee wamefika kutoka Masaki, ile ya huku kwetu, na mihogo, korosho na mbuzi. Waliambiwa msiba. Walipoambiwa mgonjwa angali hai wakasema alhamdulillahi, ila mbuzi hawezi kurudi kwa miguu. Wamekaa. Mmoja kaniuliza kwa heshima kama ndiye mimi niliyeosha, na kama nilichukua ujira wangu. Nikasema si mimi, mimi naitwa Salehe.

Mganga wa dispensari kaja, kasema ni malaria, kampa kwinini. Malaria ya kawaida, ilikuwa mwilini kabla sijamgusa! Nilimwomba akaliseme hilo sokoni kwa sauti kubwa. Kafunga mkoba wake, kaenda zake.

Nimemwuliza Siwema kama ananidharau. Kasema hapana, kisha kaniuliza kama Dutumi panapatikana maji karibu.

Ijumaa, 15 Agosti

Yu hai! Kasimama! Kaenda msikitini kwa miguu yake!

Nilijificha nyuma ya nguzo nisionekane. Baada ya sala akaniita kwa jina langu mbele ya wote. Nikampa shikamoo ya mtu anayekwenda kunyongwa. Akaitikia marahaba, akacheka. Akasema mauti yalikuja hasa, Jumanne, yakasimama mlangoni. Yakamkuta keshaoshwa. Yakadhani yamechelewa, kazi imefanywa na wengine, yakaenda zake. Na kile kichwa kilichokuwa kikimuuma tangu mwaka juzi hakimuumi tena.

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nililia. Nililia kwelikweli, kwa sauti, na sioni haya kuliandika. Wiki nzima nimebeba jeneza la mtu aliye hai, na leo limeshuka.

Mzee kasema baraza ni langu, Damiani ana kivuli chake cha mkorosho na kinamtosha. Damiani kanipa mkono wa pongezi. Nimeupokea. Nimeona mikono yake imebabuka kwa yale maji ya moto, nikaona vibaya kidogo.

Alasiri wazee wamepanga mstari barazani, kila mmoja anataka alazwe kama Mwinyimadi, mauti yampite. Siwema kapika wali. Leo nitalala nikipumua kama mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimefikiri sana. Nimeona kosa lilikuwa wapi. Huduma ilikuwa nusunusu.

Wazee wa jana walinung'unika mambo mawili: maji yaliwaingia masikioni, na kanzu zao zililoa. Na Mzee kanipa sharti moja tu, kafuri asiinuse tena barazani kwake. Sawa. Mimi ni mtu wa kusikiliza.

Kwa hiyo asubuhi nimekwenda dukani. Nimenunua pamba, safi, ya kuziba masikio, na puani pia, maana povu halichagui tundu. Nimenunua nguo ya marekani, nyeupe, mpya, ndefu, ya kumviringisha mteja kuanzia shingoni mpaka miguuni. Sitaishona, mshono unakwaruza ngozi. Juu na chini nitaifunga kwa vitambaa vya marekani hiyohiyo, upepo usiifunue. Kesho wa kwanza kulazwa ni Mzee Mwinyimadi mwenyewe, bure, kwa shukrani.

Nimemwonyesha Siwema vyote. Kavitazama kimoja kimoja, kashika pamba, kashika marekani. Kisha kauliza, kwa kuwa kafuri imekatazwa, kama nimekumbuka ubani.

Sikuukumbuka. Mke huyu ana akili kuliko ninavyomsifu. Narudi dukani sasa hivi, kabla hawajafunga.