Jouli za Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Umeme umekatika saa nane mchana. Yuniti zimeisha siku nne kabla ya kawaida. Nimewaambia wote kwamba mlaji ni mashine ya kunyolea ya shemeji, kaka wa mke wangu, aliyegeuza baraza letu kuwa kibanda cha kinyozi. Mke wangu akasema tupime kila kifaa. Kitakachokula zaidi kitoke nyumbani. Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Baraza lile nalitaka mimi, nipate pa kuuzia barafu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima kipimo kwa fundi umeme. Unakichomeka ukutani, kifaa unakichomeka kwenye kipimo. Shemeji amenyoa vichwa kwa muda wa saa mbili na nusu. Wati kumi. Nimekigonga kipimo, nikakipuliza. Kumi. Hata balbu ya chooni inaizidi. Hamu ya kula imekwisha.

Jumatano, 5 Juni
Zamu ya friza langu la barafu, saa ishirini na nne kamili. Yuniti mbili nzima! Friza ninalolipangusa kila asubuhi kwa kitambaa laini.

Alhamisi, 6 Juni
Nikimrudishia fundi kipimo, kanieleza kuwa yuniti moja ni jouli milioni tatu na laki sita. Hakujua amenipa nini. Nimerudi mbio. Mashine ya shemeji: wati kumi mara sekunde elfu tisa, jouli elfu tisini. Friza: mbili. Nimebandika ukutani, elfu tisini kwa mbili. Za nini, sikuandika. Karatasi ilikuwa ndogo. Shemeji kasoma, kaanza kukunja mashuka yake ya kunyolea. Nimejisikia vibaya kidogo, kisha nikaenda kupima baraza kwa hatua.

Ijumaa, 7 Juni
Nilisahau mke wangu ni mfamasia. Kutwa anabadili gramu kuwa miligramu. Kasimama mbele ya karatasi, kikombe mkononi, akaniuliza kwa upole ulionitisha: elfu tisini za nini, na mbili za nini. Nikamjibu ni namba tu. Kachukua kalamu. Friza, jouli milioni saba na laki mbili. Mara themanini ya mashine ya kaka yake.
“Haya, mume wangu,” akasema, “shika upande huu, kaka atashika ule.”
Tumelipeleka kwa dada yangu. Barafu imeyeyuka njiani, suruali yote chapachapa. Shemeji akanipa pole ya dhati. Hiyo ndiyo imeniuma.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeazima kipimo tena. Nimepima birika la umeme la mke wangu, lita moja tu ya maji ya chai. Sijaamini macho yangu: sehemu moja ya kumi ya yuniti tu. Fundi anasema umeme hubadilishwa hata kuwa kalori: elfu themanini na sita! Na huyu ni mtu aliyeacha sukari apungue mwili. Kesho nabandika. Safari hii neno kalori naliandika kwa herufi kubwa.