Nimezaliwa Ziwani, Msiniulize Zaidi

Jumatatu, 8 Novemba 1954

Siku njema kupita zote. Chuo cha jioni hapa Temeke kinatafuta mwalimu! Mkuu wetu, Mwalimu Elinaza, katangaza darasani kwamba wapo mabwana shamba na madresa wa hospitali wanaohamishiwa Bukoba, na hawajui hata watu wa huko wanakula nini. Yatafunguliwa masomo ya Maisha na Uchumi wa Nchi za Ziwani. Nani anatoka huko?

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasema mimi, Adelard, nimezaliwa Bukoba. Kweli tupu. Sikuongeza kwamba niliondoka huko mgongoni mwa mama, meno hayajaota, nikakulia Kilosa ambako maji mengi kuliko yote yalikuwa kwenye tangi la stesheni. Hakuna aliyeuliza.

Mkono wa pili ulikuwa wa Wilbert. Huyu ni karani wa bohari, kaja kutoka Muleba juzijuzi, anasema kwa sauti ya chini na kutwa anatafunatafuna kama mbuzi. Hata darasani! Sijui anatafuna nini na sitaki kujua. Mtu wa namna hiyo atafundisha nini?

Jumamosi tutazungumza wote wawili mbele ya watu, achaguliwe mmoja. Sioni haja ya kungoja. Jioni nimekwenda Buguruni kumuaga Bwana Hilal, ambaye nimempimia mbata, nazi kavu za kukamulia mafuta, dukani kwake tangu nifike mji huu. Nimemwambia kushika mizani si kazi ya mwalimu. Kanitakia heri, kisha akauliza kama nimekwisha kuchaguliwa. Wivu huo.

Jumanne, 9 Novemba

Kuna shida kidogo. Nimekaa kuandika yote ninayoyajua kuhusu ziwa. Ni kubwa. Lina samaki. Basi.

Nimebuni njia. Mwenye nyumba wangu, Mama Kokushubila, ni Mhaya wa Kiziba, mtu mzima, na ua wake wote ni migomba. Nitamchota habari bila mwenyewe kujua. Nimempa shikamoo ya heshima, nikamsifia migomba, nikasema inanikumbusha nyumbani. Akauliza nyumbani ni upande gani. Nikasema upande wa majini. Akanitazama. Kisha akaniambia jambo refu kwa Kihaya. Nikacheka, maana niliona lina dalili ya kuchekesha.

Yeye hakucheka. Sikupata habari yoyote.

Alhamisi, 11 Novemba

Ushindi! Mwalimu Elinaza kamwomba Mama Kokushubila awe mwamuzi Jumamosi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa watu wa ziwani mtaani. Mwenye nyumba wangu mwenyewe! Na leo kanipa kifurushi cha jani la mgomba, ndani yake kahawa. Kasema imetoka kwao, niwakaribishe nayo wageni siku hiyo kama mtoto wa nyumbani. Punje nyeusi, zina maganda bado, zinanukia majani. Inaonekana huko wamesahau kuzikoboa na kuzikaanga. Nitawamalizia.

Mpango ni huu: kila mtu apate kahawa kabla sijafungua mdomo. Mtu akishakunywa kahawa yako atakukosoaje? Wilbert hana hata kikombe. Nimekwenda Buguruni kumwomba Bi. Wahiba, mke wa Bwana Hilal, dele lao, lile birika la kahawa, na vikombe. Kanipa, na tangawizi juu yake. Bwana Hilal kasema mahali pangu bado hajaweka mtu. Nimemwambia asijicheleweshe.

Jumamosi, 13 Novemba

Sitaandika mengi.

Asubuhi nilikaanga, nikatwanga, nikachemsha. Kikatoka kitu cha rangi ya tope, chenye povu. Nikazidisha tangawizi.

Saa kumi chuo kimejaa, Mama Kokushubila kiti cha mbele. Nikamimina. Bwana shamba mmoja akapiga funda, akatoka nje, hakurudi. Mama akakinusa kikombe chake, akauliza ile kahawa aliyonipa iko wapi. Nikasema ndiyo hii, Mama. Akauliza nimeifanya nini. Nikamweleza kwa fahari, hatua kwa hatua, mpaka kwenye kinu. Nilipofika kwenye kinu akafumba macho.

Kumbe ilikuwa tayari! Kwao huchemshwa na majani yake, hukaushwa, na mgeni akifika anapewa punje atafune. Ndiyo makaribisho yenyewe. Mtoto anayetambaa analijua hilo. Mama akamwita Wilbert. Wilbert akatoa mfukoni kijaluba cha ukindu, akampa kwa mikono miwili, wakatafuna pamoja polepole mbele ya darasa zima. Hicho ndicho alichokuwa akitafuna siku zote hizi! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ningeweza kukaa chini. Nikaona hapana, hotuba itaniokoa. Nikaanza na uvuvi. Nikasema watu wa ziwani hungoja maji yapwe, kisha wanawake huteremka mchangani kuokota pweza. Wilbert akasema, kwa ile sauti yake, kwamba ziwa halipwi wala halijai, na pweza yeye kamwona kwa mara ya kwanza Dar es Salaam. Watu wakacheka hadi benchi la nyuma likaanguka na waliokuwa juu yake.

Halafu akazungumza yeye. Kwamba kahawa na migomba hukaa shamba moja, kuzunguka nyumba, na samadi ya ng'ombe ndiyo inayovilisha vyote viwili. Kwamba magunia huvuka kwa meli hadi Mwanza na kupanda treni. Kwamba bwana shamba atakayeanza kwa kuamuru mgomba wa mtu ung'olewe, asitarajie kupewa punje katika nyumba yoyote. Wote waliandika. Hata mimi niliandika.

Kachaguliwa papo hapo.

Jumapili, 14 Novemba

Nilidhani Mama Kokushubila atanitoa chumbani. Hakunitoa. Kaniita uani, kanipa punje moja, nikatafuna. Chungu, kisha si chungu sana. Kaniuliza mama yangu alikuwa wa kijiji gani. Sikijui. Mama alifariki kabla sijapata akili ya kuuliza. Nilimwambia hivyo, jambo ambalo sikulipanga. Akanipa punje ya pili, akaendelea kufagia.

Kasema nihudhurie masomo ya Wilbert, nikae mbele. Nimesema nitaona nafasi.

Jumatatu, 15 Novemba

Nimerudisha dele. Bwana Hilal kanikabidhi mizani bila kusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya kupita zote.

Nimepima mbata kutwa. Yote inatoka Mafia. Gunia moja lilikuwa na mchanga ndani, nikamwonyesha, akasema nina jicho.

Jumatano, 17 Novemba

Habari kubwa! Jioni nimepita chuoni, kwa bahati tu, nikamkuta Mwalimu Elinaza anatangaza masomo mapya: Maisha na Uchumi wa Kisiwa cha Mafia. Anatafuta mwalimu. Nani anatoka huko?

Mkono ukawa juu. Nikasema nimelelewa Mafia. Mwalimu Elinaza akanikumbusha habari za Bukoba. Nikamwambia kule nilizaliwa tu.

Sasa hii ni tofauti kabisa na ile ya ziwa. Mbata naijua kwa harufu, na bahari walau inakupwa. Wilbert hakunyoosha mkono. Alikuwa anatafuna.

Nimekwenda moja kwa moja Buguruni kumuaga Bwana Hilal. Kanisikiliza mpaka mwisho. Kisha kasema kwao ni Mafia, Kilindoni hasa, babu zake wamezikwa huko, na Mwalimu Elinaza kamwomba awe mwamuzi.

Bahati iliyoje! Tajiri wangu mwenyewe! Nimepitia mlango wa uani kumwomba Bi. Wahiba lile dele.