Malalamiko Kuhusu Nuru ya Kusini na Dada Yangu Merle

Ghuba ya Tinpot,
Tasmania.

Kwa Mkuu wa Watabiri wa Nuru ya Kusini,

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, na roho nayo ingekuwa nzima kama si ofisi yako. Mimi ni Thelma Padgett, mjane, wa nyumba ya mwisho kabla ya ufuko. Ninyi ndio mnaotutangazia usiku gani mbingu za huku kusini zitawaka rangi. Sitaki ugomvi. Nataka dada yangu arudi, na kwa kuwa ninyi ndio mliomfukuza, ninyi ndio mtakaomrudisha.

Dada yangu Merle anaishi Queensland, kule juu kwenye joto. Tangu tulipomzika mama alikuwa hajakanyaga kwangu. Siku ile ya mazishi alisimama jikoni akaniambia, "Thelma, huku hakuna cha kumrudisha mtu." Neno hilo liliniuma, na mpaka leo linaniuma. Basi mwaka huu nikamtumia picha alizopiga jirani yangu Clive Dransfield: mbingu nyekundu, kijani, zambarau, zote juu ya ufuko wetu. Merle akajibu kwamba anakuja. Ofisi yako ikatangaza kwamba juma lile la Juni uwezekano ni mkubwa. Nikachoma mguu wa kondoo, nikatoa mablanketi mazuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo. Mimi nimeugua, na sababu ni hizi:

1. Saa zenu. Mliandika saa tatu usiku. Tukakaa mchangani tangu giza lilipoingia, na themosi ya supu, meno yakigongana. Kesho yake ndipo Clive akaja kunieleza, bila haya, kwamba hiyo ni saa tatu usiku kwa saa za dunia, na kwamba kwetu sisi ni saa moja asubuhi. Saa za dunia, mheshimiwa. Kwani sisi tuko dunia gani? Saa moja asubuhi kunapambazuka, na kitu pekee kinachoonekana mbinguni ni shakwe.

2. Adabu ya ufukweni. Unajua kwamba huku hatuwashi taa nyeupe; kila mtu ana tochi aliyoifunga kitambaa chekundu, na macho yetu tumeyazoesha giza. Merle hajui. Alifungua mlango wa gari kuchukua glavu, taa ya ndani ikawaka, na ufuko mzima ukamgeukia. "Zima taa!" "We mama, unatuharibia!" "Nani kamleta huyu?" Dada yangu ni mwalimu mkuu mstaafu. Yeye ndiye hufokea watu. Akawajibu, "Nizime kwa sababu gani, kwani mnaona nini?" Nakiri hatukuwa tunaona kitu. Naomba ofisi yako imwombe radhi kwa niaba ya kila mwenye tochi nyekundu kuanzia hapa mpaka Hobart.

3. Rangi. Usiku wa pili nuru ilitoka kweli. Nikamshika mkono nikamwonyesha. Akasema, "Lile ni wingu." Clive akamletea kamera, maana gizani kamera huona rangi ambazo jicho halioni, na kwenye kamera ni nyekundu tupu. Merle akaitazama kamera, akaitazama mbingu, akanitazama mimi. "Thelma, umenitoa Queensland nije kuangalia wingu." Sisi wa huku tumezoea kuona kijivu na kukiita chekundu, na tunakipigia makofi gizani bila kuona aibu. Mgeni anatuona wendawazimu, na usiku ule nilipowasikia majirani zangu wakishangilia, hata mimi niliingiwa na shaka. Kwa hiyo ama mbingu zipandishwe zifanane na picha, ama kamera zote za Tasmania zishushwe zifikie jicho la mwanamke mzee aliyesahau miwani. Mchague wenyewe.

4. Merle aliondoka asubuhi, hata keki hakuonja. Usiku uliofuata mbingu zikawaka zambarau kwa macho matupu, mpaka mke wa Clive akapiga magoti kwenye maji. Sikutoka nje. Nilivuta pazia nikafua. Hili si kosa la utabiri, ni dharau, na kuanzia sasa natarajia nuru iulize kwanza nina mgeni gani.

5. Mwisho, na hili ndilo kubwa. Nasikia nuru ikipata nguvu huvuka bahari ikapanda bara, mpaka kule Queensland. Naomba ipigwe marufuku. Wenzetu waliokimbia baridi wana jua, wana maembe, wana kuogelea mwezi wa Julai. Sisi tuna hii tu. Ikianza kuwafuata mpaka mlangoni kwao, nitamwita dada yangu kwa kitu gani? Sina kingine. Clive anasema chanzo cha yote ni jua lenyewe. Basi lipelekeeni nakala ya barua hii.

Nasubiri majibu yako kwa subira, ingawa imebaki kidogo. Wasalimie watabiri wenzako, anayewachemshia chai, na yeyote anayetunza hiyo saa ya dunia. Clive anakusalimu, mkewe bado ana mafua.

Mimi, raia mtiifu,
Thelma Padgett (Bi.)

Nyongeza: Kabla sijabandika stempu, simu imelia. Ni Merle, anahema. Upande wote wa kusini kwake ni mwekundu, na yeye anadhani shamba la miwa la jirani limeshika moto na unakuja. "Thelma, nifanye nini?" Nikamwuliza kama kuna harufu ya moshi. Hakuna. Nikamwuliza kama ule wekundu unacheza. Akasema unacheza, kisha akaanza kulia, na mimi nikalia naye. Anataka nipande kwake mwezi ujao, nami nimekubali. Huku ni mawingu matupu, sijaona chochote. Kwa hiyo ifute namba tano, na hizo nyingine pia, iache nuru ipande mpaka itakapochoka. Utabiri wenu wa leo nimeutazama: mmeandika kwamba hakuna kitu. Msibadilishe chochote. Nilipomwuliza Merle zimamoto wamesemaje, akaniambia hajawapigia bado. Aliona moto unakuja nyumbani kwake, akanipigia mimi kwanza.